Kisangani, Ituri na deni la dola milioni 325: uchambuzi wa kisa cha uwajibikaji baada ya vita vya nje

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha nchi iliyopeleka jeshi katika nchi jirani, ikaambiwa na mahakama kwamba haikuwa na haki ya kufanya hivyo, na hatimaye ikaamriwa kulipa. Nchi hizo ni Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Haziwezi kufichwa, kwa sababu hukumu zenyewe zimo katika kumbukumbu za wazi za Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Majina ya watu, hata hivyo, nimeyaacha karibu yote. Waathirika hawatajwi kabisa, na makamanda, majaji na mawaziri wanatajwa kwa vyeo vyao tu. Lengo ni kuelewa jinsi uwajibikaji ulivyofanya kazi na mahali ulipokwama, na hilo huonekana vizuri zaidi msomaji asipokuwa na jina la kumpenda au kumchukia mwenye nalo.

Nimekichagua pia kwa sababu vita hivi vilipiganwa kwa Kiswahili. Jeshi la Uganda hutumia Kiswahili tangu enzi za ukoloni. Bunia, mji mkuu wa eneo la Ituri mashariki mwa Kongo, watu huzungumza Kiswahili sokoni, na Kisangani hukizungumza pamoja na Lingala. Mwenyeji aliyeamriwa kulala kifudifudi kwenye kizuizi cha barabarani alielewa amri hiyo bila mkalimani. Tumezoea kujifunza habari za vita vyenye utata kupitia Vietnam na Iraki, ilhali kisa hiki kilitokea ndani ya eneo letu na ndani ya lugha yetu, na mafunzo yake yanatuhusu moja kwa moja.

Usuli

Mwaka 1997 majeshi ya Rwanda na Uganda yalisaidia kumwangusha Mobutu na kumweka Laurent-Désiré Kabila madarakani mjini Kinshasa. Baada ya hapo askari wa Uganda walikuwapo mashariki mwa Kongo kwa ridhaa ya rais mpya, na sababu waliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli. Waasi wa Uganda wa kundi la ADF walijificha katika milima ya Ruwenzori na kuvuka mpaka kuja kuua. Juni 1998 walishambulia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, ambako wanafunzi wapatao 80 waliuawa, wengi wao kwa kuchomwa moto mabwenini. Anayetaka kuvihukumu vita hivi kwa haki sharti aanzie hapo, kwa maana serikali ya Kampala ilikuwa na makaburi ya wananchi wake mbele yake.

Ridhaa yenyewe, hata hivyo, ilikuwa ya maneno zaidi kuliko ya maandishi. Itifaki iliyosainiwa Kinshasa tarehe 27 Aprili 1998 ilisema kwamba majeshi ya nchi hizo mbili yangeshirikiana kulinda usalama kwenye mpaka wao wa pamoja. Haikueleza ni askari wangapi wa Uganda wangekaa upande wa Kongo, wangefika umbali gani, wala wangeondoka kwa utaratibu gani. Mwishoni mwa Julai mwaka huo Kabila alitangaza kwamba kuwepo kwa majeshi ya kigeni kumefikia mwisho. Uganda ilishikilia kwamba tangazo hilo liliwahusu Wanyarwanda peke yao. Tarehe 2 Agosti uasi mpya ulizuka mashariki, na ndani ya siku chache Kinshasa ilikuwa ikizilaumu waziwazi Rwanda na Uganda.

Yaliyotokea

Badala ya kurudi nyuma, jeshi la Uganda lilisonga mbele. Lilishika miji na viwanja vya ndege kaskazini na mashariki, likafika Kisangani, mji ulio kwenye bonde la mto Kongo, mamia ya kilomita kutoka milima ambako ADF walikuwa wamejichimbia. Lilisaidia pia chama cha waasi cha MLC, ambacho kilikuja kuitawala sehemu kubwa ya mkoa wa Equateur. Tarehe 11 Septemba 1998 uongozi wa juu wa jeshi la Uganda ulitoa waraka wa kueleza kwa nini askari walikuwa Kongo. Hati hiyo tutairudia, kwa sababu iliandikwa ili kuihalalisha operesheni na mwishowe ikawa miongoni mwa ushahidi uliotumika dhidi yake.

Juni 1999, kamanda wa majeshi ya Uganda nchini Kongo alitangaza mkoa mpya wa Kibali-Ituri na kuuteulia gavana. Gavana huyo alitoka katika moja ya jamii mbili, Wahema na Walendu, ambazo zilikuwa tayari zinagombea ardhi. Mgogoro ambao ungeweza kubaki wa mashamba na malisho ukapata serikali, silaha na upande wa kuegemea. Vijiji vilichomwa, wanamgambo wakafundishwa kijeshi, na kila aliyeshindwa leo alitafuta ofisa wa kumpa bunduki kesho. Tarehe 23 Juni mwaka huohuo Kongo ilifungua kesi The Hague dhidi ya Uganda, Rwanda na Burundi. Tarehe 10 Julai makubaliano ya kusitisha vita yalisainiwa Lusaka.

Lililofuata ndilo lililoondoa hoja ya usalama wa mpaka machoni pa watu wengi. Uganda na Rwanda, washirika wawili waliodai kuja Kongo kuwafuata waasi wao, walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe katikati ya mji wa Kongo. Walipigana Kisangani Agosti 1999, wakapigana tena Mei 2000, na mara ya tatu kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Wenyeji huyaita mapigano hayo ya mwisho vita vya siku sita. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotumwa kufanya tathmini ulikadiria kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa, wapatao 1,700 walijeruhiwa, mabomu zaidi ya 6,600 yalianguka mjini, na nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa au kubomolewa. Hakuna kati ya majeshi hayo mawili lililokuwa na mwananchi wake wa kulinda hapo.

Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304 tarehe 16 Juni 2000, likizitaka nchi hizo mbili ziondoke na kulipia madhara ya Kisangani. Tarehe 1 Julai Mahakama iliamuru pande husika zijizuie kutenda lolote la kuukuza mgogoro. Mwaka 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilichapisha ripoti kuhusu uporaji wa rasilimali za Kongo, na Mei mwaka huo Uganda iliunda tume yake yenyewe ya uchunguzi chini ya jaji wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Tume ilikamilisha ripoti yake Novemba 2002. Baada ya makubaliano ya Luanda ya tarehe 6 Septemba 2002, askari wa mwisho wa Uganda waliondoka tarehe 2 Juni 2003. Walikwisha kutoka Bunia mapema Mei, na wanamgambo walipoachiwa mji huo waliugeuza machinjio hadi Umoja wa Ulaya ukatuma kikosi kilichoongozwa na Ufaransa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa kuchunguza ni ule wa kupita mpaka na kuendelea. Kupambana na ADF milimani kulieleweka, na kwa muda kulikuwa na ridhaa. Kufika Kisangani kulihitaji sababu nyingine, na waraka wa Septemba 1998 unaionyesha. Ulizungumzia kuzuia waasi kuitumia ardhi ya Kongo, kuzuia Sudan kuutumia mwanya huo, kuhakikisha hakuna ombwe la utawala, na kulinda maslahi halali ya usalama wa Uganda. Majaji walipousoma waliona kwamba madhumuni yake kwa kiasi kikubwa ni ya kujikinga na hatari ambayo bado haijatokea. Uganda ilidai mahakamani kwamba ilikuwa ikijihami, lakini haikuwa imelitaarifu Baraza la Usalama kwamba imeshambuliwa na inajihami, kama Mkataba wa Umoja wa Mataifa unavyotaka. Kadhalika haikuonyesha kwamba mashambulizi ya ADF yalitumwa na serikali ya Kongo. Na hata kama yote hayo yangethibitishwa, Mahakama iliona kwamba kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mbali hivyo na mpaka hakukulingana na mashambulizi yaliyotajwa.

Uamuzi wa pili ni wa kuunda mkoa. Kwa kamanda aliyekuwa Bunia huenda ulionekana jambo la kiutawala tu, la kupata mtu mmoja wa kuzungumza naye. Kisheria ulikuwa na uzito kuliko risasi yoyote iliyofyatuliwa. Anayemteua gavana katika ardhi ya mwenzake amekiri kwa vitendo kwamba ndiye anayetawala hapo, na anayetawala ardhi asiyo na haki nayo anabeba wajibu wote wa nchi kalia, yaani nchi inayokalia ardhi ya nyingine kijeshi: kulinda raia, kudumisha utulivu, na kujibu hata kwa mabaya yanayofanywa na makundi mengine chini ya macho yake.

Upande wa Kongo, uamuzi wa kwenda mahakamani wakati vita vinaendelea ulikuwa wa busara kubwa, ingawa haukusimamisha risasi hata moja. Kongo ilikwisha kutoa tamko la kuikubali mamlaka ya lazima ya Mahakama mwaka 1989, yaani kukubali mapema kushitakiwa huko na nchi nyingine iliyotoa tamko kama hilo, na Uganda tangu 1963. Rwanda haikuwa imefanya hivyo. Kinshasa iliziondoa kesi dhidi ya Rwanda na Burundi Januari 2001, ikajaribu tena dhidi ya Rwanda mwaka 2002 kwa kutegemea mikataba mingine, na tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ikasema haina mamlaka ya kuisikiliza. Kwa hiyo kati ya majeshi mawili yaliyorushiana mabomu juu ya paa zilezile za Kisangani, ni moja tu lililoweza kufikishwa mbele ya majaji.

Uganda, kwa upande wake, ilichagua kuhudhuria. Ilituma mawakili, ikajibu hoja, ikafungua madai ya kukabili, yaani madai yake yenyewe dhidi ya Kongo, na ikamteua jaji wake wa muda, mwanadiplomasia na mwanasheria wa Kitanzania. Zipo serikali zinazoshitakiwa kwa makosa ya vita ambazo hukataa hata kuhudhuria. Uamuzi huu wa Kampala unastahili kutambuliwa, hata na sisi tunaoona kwamba vita vyenyewe vilikuwa kosa.

Uamuzi wa mwisho ulifanywa baada ya hukumu ya mwaka 2005 dhidi ya Uganda, na ndio uliogharimu zaidi: pande mbili zilikubali kuzungumza kuhusu fidia zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 2007 zilisaini makubaliano Ngurdoto, karibu na Arusha. Mazungumzo yalisuasua kwa miaka minane na kuvunjika Pretoria Machi 2015, ndipo Kongo iliporudi The Hague mwezi Mei.

Matokeo

Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama iliamua, kwa kura 16 dhidi ya 1, kwamba Uganda ilikiuka kanuni ya kutotumia nguvu dhidi ya nchi nyingine na ile ya kutoingilia mambo ya ndani. Kura moja iliyopinga ilikuwa ya yule jaji wa muda wa Kitanzania. Mahakama ilisema pia kwamba Uganda iliikalia Ituri kijeshi, kwamba askari wake waliua, walitesa na kuharibu mali, kwamba walifundisha watoto vita, na kwamba maofisa wake, wakiwamo wa vyeo vya juu kabisa, walishiriki kupora dhahabu, almasi na rasilimali nyingine bila wakubwa wao kuwazuia. Haikupata ushahidi kwamba uporaji huo ulikuwa sera ya serikali. Katika madai ya kukabili, Uganda ilishinda sehemu inayohusu ubalozi wake Kinshasa, ambao ulishambuliwa na watu wake kutendewa vibaya.

Hukumu ya fidia ilitolewa tarehe 9 Februari 2022. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Mahakama ilitoa dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa rasilimali. Hiyo ni chini ya dola 3 kwa kila 100 zilizodaiwa. Zilipangwa kulipwa kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Septemba 2022, na riba ya asilimia 6 juu ya kila awamu itakayocheleweshwa. Serikali ya Uganda ilieleza kwamba hukumu haikuwa ya haki, kisha ikalipa awamu ya kwanza Septemba hiyo.

Upande wa Kongo fedha zilikabidhiwa kwa mfuko wa umma unaojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, FRIVAO, wenye makao yake Kisangani, uliopewa kazi ya kuwagawia waathirika. Septemba 2025 Mahakama ya Kasesheni mjini Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa takriban dola milioni 19 zilizotoka katika fidia hiyo na kuelekezwa kwenye ujenzi wa gereza Kisangani. Yeye alikana mashitaka.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Jambo la kwanza linalofaa kujifunzwa ni thamani ya karatasi iliyosainiwa wakati wa amani. Uganda ilipotoa tamko lake mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, hakuna aliyewaza Kisangani. Miaka 36 baadaye tamko hilo ndilo lililompa jirani mlango wa kubisha. Bado kuna nchi za eneo letu ambazo hazijatoa tamko kama hilo, na raia wao wangekuwa na haki ya kuuliza kwa nini.

La pili ni tume ya uchunguzi ya Uganda. Wakosoaji wake waliitarajia iwe ya kuwasafisha wakubwa, na kweli ilisema serikali haikuwa na sera ya kupora. Lakini jaji na wenzake waliwahoji maofisa kwa kiapo, wakawauliza maswali ya kuwabana, wakaandika kwamba baadhi yao walisema uongo, na wakapendekeza hatua zichukuliwe. Hatua hizo hazikuchukuliwa kwa uzito uliostahili. Mahakama ya The Hague, hata hivyo, iliupa ushahidi wa tume hiyo uzito wa pekee, hasa kwa kuwa ulipatikana kwa kuwahoji wahusika wenyewe na hakuna upande uliopinga uaminifu wake. Najua watu wengi wa Afrika Mashariki ambao wamekata tamaa na tume za uchunguzi kwa sababu ripoti zake huishia kabatini. Kisa hiki kinaonyesha kwamba ripoti iliyoandikwa kwa uaminifu inaweza kutoka kabatini na kutumika mahali ambapo walioiagiza hawakukusudia.

La tatu, na kwangu ndilo la maana zaidi kisheria, ni jinsi ukaliaji wa Ituri ulivyohamisha mzigo wa kuthibitisha. Katika hali ya kawaida anayedai ndiye anayeleta ushahidi. Kwa Ituri Mahakama iligeuza jambo hilo: kwa kuwa Uganda ndiyo iliyokuwa na mamlaka na wajibu wa kulinda watu, ni Uganda iliyopaswa kuonyesha kwamba dhara fulani halikutokana na kushindwa kwake kutimiza wajibu huo. Mama aliyepoteza watoto mikononi mwa wanamgambo wa jirani hakuhitaji kuthibitisha nani aliwapa risasi. Gavana aliyeteuliwa Juni 1999 ndiye aliyelifanya hilo liwezekane, kwa kuwa uteuzi wake ulikuwa ushahidi wa wazi kwamba mamlaka ya Ituri yalikuwa mikononi mwa jeshi la kigeni.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Muda ulikula haki kuliko wakili yeyote wa Uganda. Mwaka 2005 Mahakama iliiambia Kongo kwamba, katika hatua ya fidia, itatakiwa kuthibitisha madhara mahususi na chanzo chake. Kazi ya kuwatafuta waathirika ilipaswa kuanza asubuhi iliyofuata. Fomu zilisambazwa baada ya miaka kadhaa, na zilizorudi nyingi hazikuambatana na cheti cha kifo, hati ya hospitali wala picha ya nyumba. Nyingine hazikueleza bayana nani alifanya nini, wapi na lini. Si kosa la waliozijaza: anayekimbia usiku huku mtoto mgongoni habebi hati ya kiwanja. Ni kazi ya serikali kupeleka makarani, mapadri, wachungaji, masheikh na machifu wa vijiji kuandika wakati mashahidi wangali hai na magofu yangali yamesimama. Kongo ilidai vifo 180,000. Mahakama, baada ya kuteua wataalamu wake na kusoma ripoti za Umoja wa Mataifa, ilikadiria kwamba vifo ambavyo Uganda inawajibika kuvilipia ni kati ya 10,000 na 15,000. Kwa kukosa ushahidi wa mtu mmoja mmoja, ilitoa kiasi cha jumla kwa kuzingatia usawa wa haki.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba idadi ya Kongo ilikuwa sahihi na ya Mahakama ni pungufu. Ninachosema ni kwamba tofauti kati ya namba hizo mbili imejaa watu ambao hakuna aliyewaandika kwa wakati, na sasa hakuna mahakama inayoweza kuwarudisha katika hesabu.

Kushindwa kwa pili ni kwamba iliyowajibika ni dola, na walioamua hawakuguswa. Rais aliyekuwa madarakani Kampala askari walipovuka mpaka ndiye aliyekuwapo hukumu ya 2005 ilipotolewa na awamu ya kwanza ilipolipwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa rais uwezo wa kutangaza hali ya vita kwa idhini ya theluthi mbili ya wabunge, lakini hali ya vita haikutangazwa, kwa hiyo Bunge halikupewa nafasi ya kupiga kura hiyo. Bila kura hakuna mbunge wa kuulizwa aliunga mkono nini. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliwatia hatiani viongozi watatu wa makundi ya wanamgambo ya Ituri na kuwafunga miaka 14, 12 na 30, lakini hakuna ofisa wa jeshi la Uganda aliyewahi kupandishwa kizimbani huko. Kamanda aliyeunda mkoa wa Kibali-Ituri alikuja kutiwa hatiani na mahakama ya kijeshi ya nchi yake mwaka 2008, kwa kashfa ya askari hewa. Aliadhibiwa kwa kuitia hasara hazina ya Uganda. Kwa Kisangani na Bunia hakuwahi kuadhibiwa na yeyote.

Matokeo yake ni kwamba dola milioni 325 zinalipwa na walipa kodi wa Uganda, ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka 1998, na waliotajirika kwa dhahabu na mbao za Kongo hawajaambiwa warudishe chochote. Sheria ya kimataifa inaruhusu nchi iliyolipa fidia iwageukie watumishi wake waliosababisha hasara, na sheria za ndani zinaweza kufanya vivyo hivyo. Kampala haijafanya hivyo, na sioni sababu ya kisheria iliyoizuia.

Kuhusu Rwanda, sitasema mengi. Mahakama ilikataa hoja kwamba haiwezi kuihukumu Uganda bila Rwanda kuwapo, na ilifanya vizuri. Lakini mkazi wa Kisangani ambaye nyumba yake ilibomolewa na bomu hakujua limetoka upande gani wa daraja la mto Tshopo, na nusu ya jibu lake imefungiwa nje ya mlango wa mahakama.

Kushindwa kwa tatu kumetokea mahali ambapo wengi wetu hatukukutazamia, yaani nyumbani kwa waathirika. Mashirika, mawakili na wanadiplomasia walitumia zaidi ya miaka ishirini wakiuliza kama Uganda italipa, na ni wachache waliouliza nani atapokea. Hukumu ya 2022 iliikabidhi serikali ya Kongo fedha na kuieleza matarajio kwamba zitawafikia waathirika kwa haki na kwa wakati, bila kuweka utaratibu wa kulisimamia hilo. Serikali ambayo haikuwa imewaandika waathirika wake kwa miaka hiyo yote sasa ilitakiwa kuwalipa ndani ya miezi. Penye orodha dhaifu mwizi hana kizuizi, kwa sababu hakuna mtu mahususi ambaye fedha zikikosekana atasimama na kusema hizi zilikuwa zangu. Hukumu ya waziri, kwa kadiri inavyohusu fedha zile, ni hatua ya uwajibikaji pia, na inafaa kuona kwamba imekuja haraka kuliko ile ya The Hague. Haijamrudishia mjane wa Kisangani senti yoyote.

Athari zinazoendelea

Ituri haijatulia. Tangu mwishoni mwa 2017 makundi ya wanamgambo yamerudi kuua katika maeneo yaleyale ya Djugu, kwa migawanyiko ileile ya Wahema na Walendu iliyopewa silaha mwaka 1999. ADF, waliokuwa sababu ya kwanza ya Uganda kuvuka mpaka, hawakumalizwa na vita vile. Walizama zaidi ndani ya Kongo, wakajiunga na mtandao wa Dola la Kiislamu, na leo waathirika wao wengi ni Wakongo wa Beni na Irumu. Mei 2021 Kinshasa iliiweka Ituri na Kivu Kaskazini chini ya utawala wa kijeshi. Tarehe 30 Novemba 2021, wiki kumi kabla ya hukumu ya fidia, ndege na mizinga ya Uganda vilianza tena kupiga ndani ya Kongo, safari hii katika operesheni ya pamoja iitwayo Shujaa, kwa ridhaa ya serikali ya Kongo.

Februari 2025 askari wa Uganda waliingia Bunia tena. Tofauti na mwaka 1998 ni ridhaa, na ndiyo tofauti ambayo sheria inaijali. Lakini hukumu ya 2005 ilieleza kwamba ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote bila utaratibu maalumu, na ilionyesha hasara ya kuiacha bila idadi, mipaka wala tarehe. Wabunge wa Kinshasa na wa Kampala wana maswali yale ambayo hayakuulizwa mwaka 1998: askari wangapi, hadi kijiji gani, chini ya amri ya nani, hadi lini, na ni nani anayeandika majina ya raia watakaoumia tangu siku ya kwanza. Awamu ya mwisho ya deni la zamani ilipangiwa tarehe 1 Septemba 2026.